Bomba limepasuka stoo, hasara ni 1,200, bima imenilipa 300

Shikamoo Mama,

Nakuandikia kutoka Leicester, Uingereza, ambako nafanya kazi ya kuhudumia wazee. Mwaka jana mwenye nyumba aliitaka nyumba yake, tukahamia kwenye nyumba ndogo ya vyumba viwili. Vitu vilivyokosa nafasi nikavipeleka kwenye stoo ya kukodi. Humo kuna fanicha zetu, magodoro, na cherehani tano za umeme ambazo nimenunua moja moja kwa ajili ya duka la ushonaji ninalotaka kufungua Tanga.

Halafu kuna wenzangu wawili wa upatu. Tunataka kujaza kontena pamoja, kwa hiyo waliniomba niwawekee vyao. Mmoja ana friji na jiko, vyote vipya. Mwingine ana masanduku ya vitenge, mashuka na vyombo. Wote wananichangia kodi ya stoo. Ndani ya begi langu moja nimeweka pia dhahabu za marehemu mama, maana nyumbani naogopa, mlango wetu umewahi kuvunjwa.

Siku ya kukodi, kijana wa mapokezi aliniambia bima ni lazima. Akanionyesha viwango kwenye skrini. Nilipomuuliza nichague kipi, akasema wengi huchukua cha chini, ni utaratibu tu. Nikachukua cha pauni 3,000.

Januari baridi ilipokaza, bomba la ghorofa ya juu likapasuka usiku. Magodoro mawili, sanduku zima la vitenge na cherehani mbili vikaharibika. Nikadai pauni 1,200. Fomu ilinitaka niandike thamani ya kila kilichomo stoo, nikaandika, jumla ikafika 9,000. Jibu lilipokuja wakanilipa 300 tu. Wanasema nilikuwa na bima ya theluthi. Wiki chache baadaye tukafungua sanduku la mashuka lililokuwa nyuma, tukakuta limejaa ukungu. Hilo wamelikataa moja kwa moja, wanasema ukungu haumo kwenye mkataba.

Mume wangu anasema huu ni wizi, tuiache bima hiyo, tutumie ya nyumbani. Mwenzangu wa vitenge anataka pesa yake yote na simu zangu hapokei. Je, nimeibiwa? Na wenzangu niwaambie nini?

Mwenye Cherehani, Leicester

*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Pole ya vitu, na pole zaidi ya huyo mwenzako asiyepokea simu, kwa sababu naona hapo ndipo panapokuuma. Nitakujibu yote, lakini nianze na pesa, maana pesa ina tarehe zake za mwisho.

Hesabu waliyofanya ndiyo hii. Vitu vya 9,000 viliwekewa bima ya 3,000, yaani theluthi. Hasara yako ya 1,200 nayo wakaihesabu theluthi, ikawa 400. Kisha wakaondoa zile pauni 100 za mwanzo ambazo mwenye bima hujibebea mwenyewe, ndipo ukaona 300. Watu wengi huamini kwamba ukikata bima ya 3,000, basi hasara yoyote iliyo chini ya hapo italipwa kamili. Mikataba mingi ya bima za stoo haikuandikwa hivyo. Inataka kiasi cha bima kilingane na thamani ya vitu vyote vilivyomo, kwa bei ya kuvinunua vipya leo. Ukiweka pungufu, hata hasara ndogo inapunguzwa kwa uwiano uleule. Kwa hesabu peke yake, hawakukosea.

Swali ni kama walikuwa na haki ya kukufanyia hesabu hiyo, na hapa nataka upiganie haki yako. Uingereza ina sheria ya mwaka 2012 kuhusu maelezo ambayo mteja wa kawaida huipa kampuni ya bima, nayo ilianza kutumika Aprili 2013. Sheria hiyo iliondoa wajibu wa zamani uliomtaka mteja akisie mwenyewe ni mambo gani kampuni ingependa kuyajua. Siku hizi kampuni ndiyo inayotakiwa kuuliza, tena kwa swali lililo wazi, na wewe unatakiwa kujibu kwa uangalifu wa mtu wa kawaida. Kwa hiyo tafuta karatasi na barua pepe zote za siku uliyokodi, usome kilichoandikwa juu ya ile orodha ya viwango. Kama palikuwa na swali la wazi, “vitu vyako vyote vitagharimu kiasi gani kuvinunua upya?”, nawe ukaweka 3,000, nitakuwa nakudanganya nikikuambia una kesi nzito. Lakini kama uliwekewa viwango vya kuchagua bila maelezo, na mfanyakazi akakuambia ni utaratibu tu, basi bima hiyo uliuziwa vibaya, na lalamiko lako lina miguu ya kusimamia.

Kabla hujaandika chochote, chukua risiti ya mwezi wowote uangalie mstari wa kodi kwenye hiyo ada ya bima. Tangu mwaka 2022 baadhi ya kampuni za stoo zimeacha kuuza bima. Badala yake zinauza ahadi yao wenyewe kwamba zitawajibika kwa mali yako hadi kiasi fulani. Ukiwa kaunta huoni tofauti, lakini kisheria tofauti ni kubwa. Bima ya kweli hutozwa kodi ya bima, ile inayoandikwa IPT, ambayo ni asilimia 12. Ahadi ya kampuni hutozwa VAT ya asilimia 20. Ukiona IPT, au jina la kampuni ya bima kwenye cheti, njia ninayokueleza hapa chini ni yako. Ukiona VAT, lalamiko lako linaenda kwa kampuni ya stoo yenyewe, na wakikataa, kinachobaki ni mahakama ya madai madogo. Kwa kuwa barua ya kukukatalia umeipata kutoka kampuni ya bima, nakujibu nikiamini yako ni bima.

Andika lalamiko kwa maandishi, na sema waziwazi kwamba ni lalamiko, si swali. Eleza ulichoulizwa siku ile, ulichoambiwa na kijana wa mapokezi, na kwamba hakuna aliyekueleza kuwa fidia ingepunguzwa kwa uwiano. Omba nakala ya swali walilokuuliza, pamoja na maelezo ya jinsi walivyofikia punguzo lao. Wana wiki 8 za kukupa jibu la mwisho. Wakikupa jibu usiloridhika nalo, au wiki hizo zikipita kimya, unapeleka shauri Financial Ombudsman Service, chombo huru kinachoamua migogoro kati ya wateja na kampuni za fedha na bima. Hakikutozi hata senti, na uamuzi wake wa mwisho ukiukubali unaifunga kampuni. Ukishapata barua ya jibu la mwisho una miezi 6 ya kufika huko, kwa hiyo andika tarehe ya barua hiyo mahali utakapoiona. Huhitaji wakili. Na akitokea mtu mtandaoni anayetaka kukufuatilia kwa kukatiwa sehemu ya fidia, mkatalie, maana kazi yenyewe unaiweza.

Zile 300 kama zimeshaingia benki, ziache na uwaandikie kwamba umezipokea kama sehemu ya malipo. Ukiletewa karatasi ya kusaini kuwa hayo ni malipo kamili na ya mwisho, usiisaini kwa sasa.

Sasa sanduku la mashuka. Ni kweli mikataba ya stoo huondoa ukungu, kutu, nondo na uharibifu wowote unaokuja polepole. Sababu yake ni kwamba watu huingiza vitu vikiwa na unyevu, wakavibana ukutani, wakafunga mlango miezi kadhaa. Lakini isome ile ibara yote, neno kwa neno. Mara nyingi kuna mkia unaosema ukungu haulipwi isipokuwa umetokana na tukio ambalo bima inalilipa. Bomba kupasuka ni tukio la ghafla, na kwa vitu vingine wamelikubali. Maji yakituama chini ya masanduku kwenye chumba kisicho na hewa, ukungu unafuata. Kwa hiyo liunganishe sanduku hilo na usiku ule: lilikuwa umbali gani na mahali maji yalipofika, sakafu ilikaushwa lini, nani aliikausha, na wewe uliruhusiwa kuingia siku gani. Piga picha za sehemu ya chini ya sanduku na za sakafu. Mashuka yenyewe usiyatupe mpaka shauri liishe, hata yakinuka. Nimeona watu wakikosa fidia waliyostahili kwa kuharakisha usafi.

Kampuni ya stoo nayo usiisahau. Mkataba wao bila shaka umeandikwa kwamba vitu vinakaa kwa hatari ya mwenyewe, na wengi wakishasoma hapo hukata tamaa. Lakini sheria ya haki za mlaji ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza huduma aitoe kwa uangalifu na ustadi wa kawaida, na mfanyabiashara hawezi kujiondolea wajibu huo kwa sentensi ya mkataba. Bomba likipasuka kwa baridi isiyo ya kawaida ilhali lilitunzwa vizuri, hawana kosa. Lakini kama liliachwa bila kufungwa vizuizi vya baridi, au lilikuwa linavuja tangu zamani na wateja walishalalamika, wana la kujibu. Waandikie uulize bomba hilo lilikaguliwa lini mara ya mwisho. Waulize majirani wa vyumba vya pembeni nao walipata nini, kwani maji hayakuchagua chumba chako peke yake. England na Wales, mahakama ya madai madogo hupokea madai ya hadi pauni 10,000, lakini usikimbilie huko kabla hujapata ushahidi huo. Ada ya mahakama unailipa mwenyewe mwanzoni.

Dhahabu za mama zitoe leo. Sisemi wiki hii, nasema leo, ukitoka kazini. Karibu kila bima ya stoo niliyowahi kuisoma huziondoa dhahabu, vito, fedha taslimu, hati na vyeti. Mikataba mingi ya kukodi hukataza hata kuviingiza. Ikitokea zimepotea hutapata chochote, na maelezo ya kwa nini ziliwekwa humo yanaweza kuvuruga madai ya vitu vingine. Zipeleke kwa sonara wa Belgrave Road, pale Leicester, azipime na akuandikie cheti cha thamani kwa ajili ya bima. Maduka ya barabara ile mengi ni ya familia za Kihindi, na baadhi yao zilitoka Uganda mwaka 1972, nyingine Kenya. Usishangae mzee wa dukani akikukaribisha kwa Kiswahili. Ukishapata cheti, zitaje kwa jina kwenye bima ya nyumbani, kwa sababu bima ya nyumbani huweka kikomo kwa kila kito kisichotajwa. Au kodi kisanduku kwenye chumba cha amana chenye bima yake.

Nimsemee na mume wako. Hasira yake naielewa, mtu amelipa kila mwezi na siku ya shida amepewa robo ya hasara. Lakini mwambie kuhusu Croydon, kusini mwa London. Jioni ya tarehe 31 Desemba 2018 jengo zima la stoo liliteketea, vyumba karibu 1,200. Humo mlikuwa na vitu vya watu waliokuwa wakihama, vya waliofiwa na wazazi wakahifadhi samani za urithi, vya wafanyabiashara wadogo na bidhaa zao zote. Kila mmoja alikuwa amefunga kufuli lake vizuri. Moto unaanzia chumba cha mtu usiyemjua, kwa kitu usichojua kama kimewekwa. Ndiyo maana nakataa kabisa wazo la kukaa bila bima, hasa wewe ambaye chumba chako kina vitu vya watu watatu.

Na bima yenu ya nyumbani haitaziba pengo hilo kwa jinsi ilivyo. Iliandikwa kwa anwani ya nyumba mnayolala. Baadhi yake hulipa kidogo kwa vitu vilivyo nje ya nyumba, nyingine hulipa vikiwa stoo ikiwa tu mmewajulisha na mkakubaliwa. Cherehani tano za kuanzishia duka wanaweza kuziita vifaa vya biashara wakazikataa. Friji ya rafiki si yenu, na bima ya vitu vya nyumbani kwa kawaida ni ya kaya yenu. Mnaweza kuwapigia simu na kuuliza. Kama watakubali kwa maandishi kwamba stoo imo, kwa anwani yake na kwa pauni 9,000, kampuni nyingi za stoo zitapokea cheti hicho badala ya bima yao. Bila maandishi hayo, msiache mliyo nayo hata kwa siku moja.

Tuje kwa wenzako. Kwetu mtu akikukabidhi kitu ukamwekea, hiyo ni amana, na najua usingizi wa mwenye amana ulivyo. Lakini bima haijui kwamba friji ni ya fulani na vitenge ni vya fulani. Inajua jina lako na kiasi ulichotaja. Kuna mikataba inayolipa vitu ulivyo na dhamana navyo hata kama si vyako, na kuna inayolipa vya mwenye mkataba peke yake. Hata kama fomu haikukuuliza, kwenye lalamiko lako eleza ukweli, kwamba vitenge ni vya mwenzako na analipia sehemu ya chumba. Hili likifichuka katikati ya shauri litakuharibia. Usiogope kulisema mapema.

Mwenzako mwenye vitenge, acha kumpigia simu. Nenda kwake, na barua ya bima mkononi. Msomee hesabu yote, umwonyeshe 1,200 ilivyogeuka 300, na umwambie unalalamika na kwa njia gani. Zile 300 mgawane kwa uwiano wa hasara: kama vitenge vilikuwa 400 kati ya 1,200, theluthi ya kilichopatikana ni yake, yaani pauni 100, na chochote kitakachoongezeka mgawane vivyo hivyo. Simuoni na haki ya kukudai yote. Hukuzembea, bomba halikuwa lako, na yeye aliweka vitu vyake bila kuuliza vina bima ya kiasi gani. Lakini ulikuwa unapokea mchango wake wa kodi, kwa hiyo alistahili kuambiwa kwamba bima ni ya 3,000. Ukilisema hilo mwenyewe kabla hajalisema, mazungumzo yatakuwa mepesi. Kama mna mama mtu mzima kwenye upatu wenu, mwombe akae nanyi.

Na kiasi cha bima kirekebishe kabla ya wikiendi. Ingieni stoo wote watatu, kila mmoja aandike vyake kwa bei ya dukani ya leo, si bei aliyonunulia miaka minne iliyopita wala bei ya kuuzia mitumba. Nguo na mashuka mara nyingi watapunguza kwa uchakavu, lakini friji, jiko na cherehani huhesabiwa kwa bei ya vipya. Pigeni picha za namba za mashine. Risiti na orodha zikae kwenye simu zenu, zisikae humo humo stoo. Kila mmoja asaini orodha yake. Jumla ndiyo kiasi cha bima, na ada igawanywe kwa uwiano wa vitu. Kitu kikiongezwa, mwenyewe akujulishe siku hiyo hiyo nawe upandishe kiasi. Nyanyueni vitu juu ya mbao au paleti, yale majukwaa ya mbao ya kupakia mizigo, viachane na ukuta kidogo, na masanduku ya nguo yawe juu ya vyombo.

Ufunguo ubaki kwako peke yako. Bima za stoo hulipa wizi pale tu palipovunjwa. Kufuli likikutwa zima na kitu kimetoweka, hakuna fidia, na hapo ndipo marafiki huanza kushukiana. Usichelewe kodi pia, kwa sababu deni likikua kampuni inaweza kukufungia mlango na mwishowe kuuza vitu, na bima nayo hukatika.

Siku kontena litakapopakiwa, bima ya stoo inaishia mlangoni. Barabara, bandari na bahari hazimo. Kateni bima ya mizigo ya baharini, hata kama msafirishaji anasema vitu viko salama. Bahari ina desturi yake ya kale: meli ikipata janga na gharama zikatumika kuiokoa pamoja na shehena, wenye mizigo wote huchangia, hata ambaye mzigo wake haukuguswa. Meli ya Ever Given ilipokwama Suez Machi 2021, wenye kontena walitakiwa kutoa dhamana kabla ya kukabidhiwa mali zao. Aliyekuwa na bima aliiachia kampuni yake jambo hilo. Asiyekuwa nayo alibanwa mfukoni mwake. Mwulizeni wakala wenu wa Tanga au Dar es Salaam mapema bima hiyo ikatwe upande gani ili forodha isiwasumbue.

Ukipata jibu la kampuni ya bima, nitumie maneno yao kamili ya ile ibara ya ukungu na ya lile swali la siku ya kukodi. Nitayasoma nawe.